Moto Ulioanzia Kaburini

Mshahara wa kwanza maishani mwangu niliupata kwa kuchoma nyasi. Shule niliiacha darasa la nne na sijawahi kuililia. Walionifundisha kazi hiyo ni wazee wa pori la akiba kule Tabora, nao hawakujua hata kuandika majina yao. Mvua zikiisha, nyasi zikiwa zimeanza kukauka juu lakini chini bado zina ubichi, tuliingia porini na viberiti mfukoni na matawi mabichi mkononi. Tulichoma alasiri. Tuliwasha upande ule upepo unakoelekea, ili moto utambae kinyume chake, polepole, na jioni umande uumalize. Baada ya muda majani mapya yanatoka, pongo na swala wanarudi, kanga wanapata pa kuchakura. Anayengoja mpaka Septemba huyo hachomi, anaunguza nchi. Watu wa mjini wakiona moshi husema tunaharibu. Sikuwa na muda wa kubishana nao.

Pori niliacha, nikauza mitumba, nikauza tochi na betri, nikafika Bangkok. Pesa ya Thailand ilipoporomoka, wengi tuliokuwa tukinunua kule tulihamia Guangzhou. Hiyo ni mwishoni mwa miaka ya tisini. Jengo la Tianxiu, walilokuja kulijaza wafanyabiashara wa Kiafrika, lilikuwa bado linanuka rangi, na Waafrika tulikuwa wachache kiasi kwamba tulisalimiana barabarani hata tusipojuana. Mimi nilinunua mabomba ya mgongoni, yale ya kupulizia dawa, kwa ajili ya wakulima wa tumbaku na pamba. Mwenye karakana ya mabomba hayo nilimwita laoban, kama kila mwenye mali anavyoitwa kule. Ni kama kusema bosi. Mkalimani wangu alikuwa Mkenya, mnunuzi wa vitambaa, mtu wa Mombasa, nami nilimwita hivyo hivyo, Mombasa. Kichina alikishika kwa sababu alikuwa hawezi kunyamaza.

Siku moja mzigo wangu ulichelewa, na yule laoban, ili nisikasirike, akatualika kula shambani kwake, kaskazini ya mji, kwenye vilima. Huko alikuwa na kilima kizima amekizungushia wavu. Ndani amefuga kulungu wa madoadoa, ambao pembe zao zikiwa bado laini hukatwa na kuuzwa kuwa dawa. Humo humo alikuwa amewaachia bata mzinga, kwa sababu hoteli za wageni ziliwatafuta sana wakati wa Krismasi. Aliwanunua wadogo, akawaacha wajitafutie. Wakati huo walikuwa wameshakuwa ndege wa porini, wanalala juu ya miti na hawashikiki.

Nilitembea mle kabla ya chakula. Nyasi zilikuwa zimenipita kimo, ngumu, zinakata mkono kama wembe, na chini yake nyasi za miaka iliyopita zimelala tabaka juu ya tabaka. Kulungu walikuwa wamesimama wote bandani wakingoja majani ya kununua. Laoban alisema bata mzinga wanatotoa vizuri, ila vifaranga hawaonekani tena. Mimi nilijua walikokwenda. Kifaranga hawezi kupita katika nyasi zile. Analowa umande, anapigwa na baridi, anakufa.

Tulipokaa mezani nikamwambia Mombasa, "Mwambie kilima chake kimekufa."

"Mzee, mtu amekualika chakula nawe wamtukania shamba?"

"Mwambie."

Akamwambia. Laoban akacheka, akaniwekea nyama kwenye bakuli. Nikasema, "Mwambie akichome." Kicheko kikakatika.

Nilimweleza kama nilivyoelezwa mimi. Ulikuwa mwanzo wa baridi, kule ndio wakati wa ukavu, nyasi zilikuwa katika hali ile ile ninayoijua. Nyuma ya kilima kulikuwa na misonobari ya kijiji, basi ikatwe njia pana katikati, udongo uonekane. Laoban alikuwa mtu wa biashara, alielewa haraka. Alikwenda ofisi ya kijiji, wakamkubalia kwa masharti, wakampa na watu wa kusimama na mifagio ya kupigia moto. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichobaki ni mama yake.

Mama huyo alikuwa mdogo wa umbo, bomba langu lingemfunika mgongo mzima. Aliishi pale pale shambani, chini ya kilima, upande wa kusini, kwa sababu hapo juu kidogo ya nyumba ndipo alipozikwa mumewe. Kaburi lilikuwa limejengewa ukuta mfano wa kiatu cha farasi, na nyuma yake kichuguu cha udongo kilichoota nyasi. Alisimama mbele yake akasema neno moja, na hilo sikuhitaji mkalimani. Alikataa.

Yeye alisema lugha ya pale, mwanawe akaigeuza kuwa Kichina cha sokoni, Mombasa akaigeuza kuwa Kiswahili. Mpaka inanifikia ilikuwa imepoa. Lakini uso wake niliusoma bila msaada.

"Asema kwao kitu kikichomwa mbele ya kaburi, kinamwendea mwenye kaburi," Mombasa akasema. "Wamchomea pesa za karatasi, wamchomea nguo za karatasi, zote zinamfika. Sasa nyinyi mwataka kumchomea kilima. Kilima chote kitakuwa chake, na kulungu, na ndege. Na kaburi lenyewe likiungua, yeye atalala wapi?"

Laoban aliona aibu. Akasema hayo ni mambo ya zamani. Mama yake akamtupia jicho, mtoto mzima wa miaka hamsini akatazama viatu vyake.

Mimi sikucheka. Wazee wa Tabora nao hawakuwasha kiberiti kabla ya kuliomba pori ruhusa. Nikauliza, "Mumewe alikuwa anafuga kulungu?"

"Asema hapana. Alikuwa na miti ya matunda. Nyasi hizi alikuwa akizikata kwa kuwashia jiko."

"Basi nyasi kavu ni zake tangu zamani. Apewe. Majani mabichi moto hauyachukui, yanabaki kwa mwanawe."

Alisikiliza hilo. Kisha akainama, akang'oa shina moja la nyasi na mizizi yake, akatoa kiberiti cha gesi mfukoni mwa koti, akaliwasha kwa juu. Liliwaka, likafuka, likazima lilipofika kwenye ubichi. Akaligeuza mkononi mwake, akaminya kile kijani kilichobaki. Akasema maneno mengi.

"Asema marehemu alikuwa bahili," Mombasa akasema. "Akishika kitu harudishi. Ataka kujua moto utaanzia wapi, usije ukafika kaburini ukiwa na nguvu."

"Mwambie utaanzia kaburini. Mahali moto ulipoanzia haurudi, hauna cha kula. Tunachoma duara dogo kulizunguka, tunalizima kwa nje na kwa ndani, ndipo tunauachia upande wa kilima tu."

Hapo ndipo mama alipokubali, kwa sharti kwamba atakayewasha ni yeye. Mimi nikaona shauri limekwisha, nikachukua panga niende kunyoa zile nyasi za kwenye kichuguu cha kaburi, zisidake cheche. Nilipiga mara moja. Nilisikia ukelele, nikageuka, nikamkuta mama ameshika mpini wa panga kwa mikono miwili, pamoja na mkono wangu.

"Mzee, acha! Kaburi laguswa na panga siku zake tu. Masika wana siku yao, na mwezi wao wa tisa wana nyingine. Hiyo ya mwezi wa tisa imeshapita!"

"Nyasi zile zitawaka."

"Mwenyewe asema, ziache."

Niliziacha. Sikupenda. Kwetu kaburi linafyekwa siku unayoona limeota majani.

Siku ya kuchoma upepo ulikuwa wa kaskazini, mwembamba, wa baridi. Kilima kinauvuta moto juu, upepo unausukuma chini. Nilichotaka ni hicho, vivutane, moto uende bila haraka. Laoban aliniuliza kwa nini nimeacha kichaka kizima kando ya kijito bila kuchoma. Nikamwambia bata mzinga atataga wapi, mfukoni mwako?

Mama alikuja na vijiti vya ubani, machungwa, vikombe vidogo vya chai na birika kubwa la chai kwa ajili ya wafanyakazi. Akazungumza na mumewe kwa muda, kwa sauti ya mtu anayemweleza mwenzake bei ya samaki. Akachoma karatasi zake. Karatasi ya mwisho akaitia kwenye nyasi nilipomwonyesha, nje ya ukuta. Duara liliwaka, watu wakalipiga kwa mifagio, likawa jeusi na safi. Kutoka hapo tukauvuta moto kushoto na kulia kwenye miguu ya kilima, nao ukaanza kupanda taratibu. Nilikuwa juu na bomba la maji mgongoni, ninajisikia kijana.

Kisha upepo ukazunguka. Kisulisuli kidogo tu, kiliinua majani yaliyokuwa yanawaka, kikayapeleka chini. Moja likatua juu ya kichuguu cha kaburi, kwenye nyasi zile zile nilizokatazwa. Nikaona moshi mweupe, halafu ulimi mwekundu.

Watu wa mifagio walikimbia mpaka ukingoni, wakasimama kama waliofungwa kamba. Hakuna aliyethubutu kukanyaga mgongo wa kaburi. Laoban naye alisimama. Mimi niliteremka mbio, bomba likinigonga kiunoni, na Mombasa akawa anapiga kelele kutoka chini, "Usimpande marehemu, mzee! Usimpande!"

Mama hakukimbia. Alichukua birika, akaingia ndani ya ukuta, akanyoosha mkono ambao sikudhani ungefika pale, akamimina chai yote juu ya moto. Moto ukatoa mvuke, ukafa nusu. Nilipofika nikapulizia maji nikiwa chini, pembeni, sikukanyaga kitu. Bomba lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Lilifika.

Kulibaki doa jeusi la ukubwa wa sinia. Kilima kilikuwa kinaendelea kuungua nyuma yetu na hakuna aliyekitazama. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Laoban alikuwa amebadilika rangi. Mama angesema zimeni, tungezima, na kilima kingebaki kimeungua robo, na mimi nisingekanyaga tena shamba lile.

Aliweka birika chini. Akasema neno, na watu wote wakaangua kicheko, mpaka mwanawe.

"Asema nini?"

"Asema marehemu siku zote alikuwa akidai kikombe cha pili."

Kisha akaupungia mkono moto, kama mtu anayewaswaga mbuzi. Tukaendelea. Jua lilipozama umande ulishuka, ukaumaliza moto kabla haujafika ile njia ya misonobari.

Safari iliyofuata, mvua zao nyepesi zilikuwa zimeanza. Kilima kilikuwa kijani cha kuumiza macho. Bandani hapakuwa na kulungu hata mmoja. Walikuwa juu, wanakula kwa miguu yao wenyewe. Bata mzinga mmoja jike alikuwa anavuka majivu ya zamani na vifaranga nyuma yake, wanadonoa wadudu. Mama tulimkuta kaburini na fimbo. Kulungu walikuwa wamependa majani ya kwenye lile duara kuliko mahali pengine popote, na wakishamaliza majani wanakula machungwa ya marehemu. Laoban alitaka kumjengea uzio. Akakataa uzio. Fimbo aliendelea nayo.

Baridi ya mwaka ule nilichelewa kufika Guangzhou kwa sababu ya kontena. Nilipokwenda shambani nilikuwa nimejiandaa kutoa maelekezo, nimebeba hata bomba jipya. Nikakuta kilima cheusi. Kilikuwa kimeshachomwa. Kichaka cha kijito kimeachwa, njia ya misonobari imefyekwa, na kichuguu cha kaburi kimenyolewa kama kichwa cha askari. Mama alikuwa amekinyoa mwezi wao wa tisa, siku yake, akangoja ukavu.

Mama akanishika mkono wa shati, akanizungusha kaburi lote, akinionyesha duara kwa kidole. Akasema kitu.

"Asema lako lilikuwa limepinda," Mombasa akasema.

Nikalitazama. Lake lilikuwa sawasawa.

"Muulize aliwasha saa ngapi."

"Alasiri."

Nikavua bomba mgongoni, nikaomba chai.