Kunguru na Sabuni ya Bi Mwanaidi

Juzi nilimwona kunguru akidonoa sabuni bombani, nikacheka peke yangu. Enzi zile sabuni ilipokuwa adimu pale mtaani kwetu Nguvumali, jirani yetu Bi Mwanaidi alinisingizia kuwa nimemwibia kipande chake, mama akanichapa. Kesho yake mchana nilijibanza nyuma ya bafu lake la makuti akiwa ndani anaoga, harufu ya povu ikinijia, nikimwombea mabaya. Ghafla kunguru akatua, akainyakua sabuni kwenye kifuu cha nazi kilichokuwa juu ya ukuta wa bafu.

"Njooni mumwone mwizi!" nilipiga kelele.

Niliamini Mungu ndiye aliyemtuma. Sikujua kunguru hupenda mafuta ya sabuni.

Majirani wakajaa. Bi Mwanaidi akatoka na kanga, macho yakimwasha kwa povu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijasikia, bibi."

Akarudia kwa sauti, nami nikanyamaza ili arudie tena.