Sufuria Kwenye Injini

Mume wangu Sebarenzi alikuwa shoferi wa lori la maharagwe, na alikuwa na aibu moja ambayo yeye mwenyewe hakuiona kuwa aibu: alikuwa anapika. Nyumbani hakugusa hata kifuniko. Alipika njiani. Alikata bati la pipa kuukuu, akatengeneza sanduku dogo, akalifunga kwa waya chini ya boneti, juu ya bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini likiwa moto kabisa. Ndani ya sanduku iliingia sufuria moja, nayo kifuniko chake kimefungwa kwa waya. Mashoferi wenzake walivumilia njaa mpaka wafike kijijini. Yeye alisimamisha lori popote, akafungua boneti, akala.

Mapishi yake aliyahesabu kwa milima. Viazi vilitaka mlima mmoja, nyama ya mbuzi miwili, maharagwe makavu mitatu mirefu. Ila ilikuwa lazima lori liwe linapanda na mzigo. Likiteremka injini hupoa, na chakula hulala tu ndani ya maji.

Watu wa kwetu Muheto, kule milimani, hawakuona ufundi hapo. Waliona mwanamume mwenye mke anayejipikia. Kwenye chemchemi wanawake waliniuliza kama nimevunjika mikono. Maneno yakamfikia mama yangu, Nyiraneza, ambaye hana subira na maneno ya watu. Mwaka 1968 dada yangu Anastasie alipojifungua huko Pinga, mama akasema tutapanda lori la Sebarenzi kwenda kumwona mtoto, na hayo ya mapishi atajionea kwa macho yake. Kabla ya safari akaniita kando.

"Verdiane, kama ni kweli anapikaka, nikirudia nitaongea na baba yako na bandugu yake. Utarudi kwetu. Muke mwenye bwana anajipikia, ule haiko muke, iko mugeni."

Baba na ndugu zake hawakuwahi kumkatalia mama neno. Nami nilimpenda Sebarenzi, sioni haya kusema. Nikamwomba siku hiyo aache sanduku tupu, tutakula tukifika. Akaitikia vizuri, kisha akafanya la kichwa chake. Alfajiri alitia maharagwe na kuyafungia humo, kwa sababu kwake kumsafirisha mama mkwe bila chakula cha moto ni kumtukana. Na njia ya Pinga kuanzia kwetu inateremka karibu yote. Hesabu yake mwenyewe aliisahau.

Tulipoingia msituni mvua ilitukuta, na lori likazama kwenye matope mpaka ekseli. Sebarenzi alichimba, akatandika matawi, akapanda, akakanyaga mafuta. Injini ilinguruma, magurudumu yakazunguka, na hatukusogea hata shibiri. Akashuka tena, akachimba tena. Hivyo hivyo tangu asubuhi mpaka saa sita ya mchana ikapita. Ndipo harufu ya maharagwe yaliyoiva ikaanza kutoka kwenye boneti. Injini iliyokataa kututoa ilikuwa imefanya kazi ya milima yote mitatu pale pale ilipokwama.

Mama aliisikia kabla yangu. Aliniangalia, na mimi nikajua nimekwisha.

Lakini mama hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake. Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, mkwe asione mdomo wake ukitafuna, kwa hiyo alikuwa amejipanga kufunga safari nzima. Sasa mikono yake ilitetemeka, na alipojaribu kushuka garini magoti yakamkatalia. Niliogopa. Pinga ilikuwa mbali na hapakuwa na nyumba karibu.

Sebarenzi alifungua boneti, akashika sufuria kwa kitambaa, akanikabidhi. Macho aliyaelekeza chini.

"Mama, njaa iko inakuua," alisema.

"Siwezi kula chakula ya mukwe."

"Haiko miye nilipika, Mama." Akaelekeza kidole kwenye injini. " Moteri njo ilipika. Na moteri haina bakwe."

Hakungoja jibu. Alichukua panga akaenda kukata matawi mengine, akapita kona, mbali mpaka tusimwone, ingawa matawi yalikuwa tele hapo hapo karibu na lori. Mvua ilikuwa inamnyeshea, na yeye pia hakuwa amekula. Tulisikia panga tu.

Mama akanyoosha mkono, nikampa kijiko.

Alisema hayana chumvi. Akaendelea. Alikula polepole, kisha haraka, na mikono ikatulia. Sufuria ilipofika nusu akaisukuma kwangu, nikala kidogo, akaninyang'anya. Akafunga kifuniko, akakaza waya, akashuka mwenyewe kwenye matope yale na kuirudisha ndani ya sanduku, isipoe kabla Sebarenzi hajarudi.

Nililia, wala sikujificha. Alipopanda tena nikamwuliza swali nililotoka nalo Muheto: akirudi, atawaambia nini baba na ndugu zake?

Mama alipangusa mdomo.

"Nitabaambia nini?" alisema. "Kwamba nilishiba chakula ya mukwe?"