Mtoto Aliyepakatwa na Mama

Kwa miaka mingi picha ile ilikuwa ukutani kwa Dafrosa, huko Rinkeby, Uswidi. Mama yake, aliyefariki Dafrosa akiwa bado ananyonya, amempakata mtoto. Shangazi aliyemlea alimwambia, "Mtoto huyo ni wewe."

Mwaka 1974 Dafrosa alitaka kuandika tarehe nyuma ya picha, ili binti yake aijue. Palikuwa na muhuri wa studio ya Bukoba, basi jirani yake Gervas alipokwenda likizo huko alimwomba aulizie.

Gervas alirudi na senene wa kukaanga na jibu.

"Nimemwona mtoto wa mpiga picha, dada. Mzee alifunga studio mwaka thelathini na nane, akahamia Mwanza."

"Una hakika?"

"Nilimuuliza tena na tena, mpaka akanichoka. Kwani vipi?"

"Mimi nimezaliwa arobaini na moja."

Basi yule mtoto pichani alikuwa kaka yake, ambaye alisimuliwa kuwa alikufa kwa surua kabla yeye hajazaliwa. Shangazi alikuwa amembembeleza tu, siku alipomlilia mama.

Binti aliuliza kwa Kiswidi kama tarehe imepatikana.

"Bado," Dafrosa alisema, akairudisha picha ukutani, akijuta kuuliza.