Nday na Mtihani wa Aikande

Nday alifundisha historia Lubumbashi kwa miaka kumi na minne. Alipohamia Brussels, hawakuitambua diploma yake, na mwaka 2009 alikuwa akisafisha madarasa ya shule moja ya kimataifa.

Alasiri moja alimkuta Aikande, binti wa Kitanzania, amebaki darasani na kitabu chake. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani mgumu wa historia ya mwanzo ya Amerika, na uasi wa Virginia wa mwaka 1676 ulikuwa umemshinda. Nday akaweka ufagio kando.

"Angalia, mutoto yangu. Maskini, weupe na weusi, walichoma muji pamoja. Alors, matajiri wakaogopa, wakaweka sheria za kuwatenganisha."

Kesho yake binti alimwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Tangu atoke Lubumbashi, hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Wakasoma pamoja hadi Mei, na Aikande akapata alama ya juu kabisa.

Mama yake alipouliza ni nani aliyemsaidia, Aikande alisema ukweli. Mama hakuja kushukuru. Alimwandikia mkuu wa shule kwamba msafishaji mmoja ana mazoea ya kujifungia darasani na binti yake.

Septemba, Nday alihamishiwa kusafisha ofisi za mtaa wa Schuman. Hakuna aliyemuuliza lolote.

"Ungefagia tu, papa," mkewe Lucienne alimlaumu. "Nani alikutuma?"

"Nilikuwa nafundisha," Nday alijibu.

Hakumfundisha mtu tena.