Nipishe, Mkubwa

Chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao kilikuwa kimebanana hivi kwamba nesi wa asubuhi alipita katikati ya inkubeta kiubavuubavu, tumbo amelivuta ndani, na sare yake ilikuwa imepauka kiunoni kwa kusuguana na vyuma. Kila alipopita aliomba njia, tena si kwa akina mama bali kwa watoto wenyewe: "Nipishe, mkubwa, nafasi ni kidogo." Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Kabla ya kuwagusa, aliipasha mikono joto kwapani. Wilkister, mmoja wa akina mama hao, alimwonea wivu. Mwanawe alikuwa amewekwa karibu na sinki, ambapo kila mtu hunawa, kwa hivyo yeye ndiye aliyeombwa njia kuliko wote. Nesi akisema, mtoto hupanua vidole. Mama akimwita, kimya. "Anakujua kuliko mimi," Wilkister alimwambia, akichekea mdomoni tu. "Ni vile niko hapa kila saa, mama," nesi akajibu, akapita.

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani Kitengela, mtoto alilia jioni nzima. Alinyonyeshwa, akabebwa, akaimbiwa, wapi! Mwishowe Wilkister, katikati ya sebule yake pana, aligeuka ubavu, akaizamisha sauti, akasema kwa uchungu: "Nipishe, mkubwa." Mtoto akanyamaza papo hapo. Akapanua vidole, akamtazama mama yake kidogo tu, kisha akageuza macho kumtafuta mwenye maneno.