Treni Isiyosimama na Wali wa Mama Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini, Stesheni Masta wa Dar es Salaam alinitazama viatu kabla ya uso. "Reli haitaki mtu mchafu," alisema, "wala mwenye papara." Nyie vijana wa Kariakoo mnaokimbilia treni ya umeme hamngemaliza wiki kwake.

Baada ya mafunzo nilipelekwa bara kuwa masta wa kistesheni cha kijijini: chumba kimoja, benchi na jukwaa fupi. Kazi kubwa ilikuwa kutoa tokeni, kipande cha chuma kinachomhakikishia dereva kwamba njia ya mbele haina treni nyingine. Tokeni ilikaa katika mfuko wa ngozi, na mfuko ulifungwa kwenye duara la waya. Treni ikipita bila kusimama, nililiinua duara juu, dereva akalidaka kwa mkono. Nilijivunia kazi ile, jamani!

Jirani yetu Mama Zaituni, mjane, aliwauzia abiria wa treni zilizosimama wali kwa kuku dirishani. Kwa wali huo alimsomesha bintiye wa pekee. Ndipo Mkaguzi wa Reli akaja na amri kwamba treni hazitasimama tena kwetu. Nilikwenda mwenyewe kumwambia Mama Zaituni.

"Shikamoo, mama. Kuanzia kesho treni zitapita tu."

"Marahaba. Na shule ya Zaituni nayo ipite tu?"

Nilirudi stesheni. Kesho yake alikuja jukwaani na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, akaufunga barabara kwenye duara langu. Dereva akadaka vyote viwili. Safari iliyofuata akasimama kabisa, eti anakagua breki. Tangu hapo breki zake ziliugua kwetu tu, na abiria wakanunua.

Ilichukua muda Mkaguzi kushtuka. "Masta, breki gani hizi zinazopenda kuku?" alifoka. Nikahamishwa, na stesheni ikafungwa moja kwa moja.

Sasa nimestaafu, naishi Magomeni. Juzijuzi nilikwenda kuiona stesheni yangu. Mbuzi wamelala ofisini kwangu, jukwaa limeota nyasi. Nililia, wala sioni haya. Niliporudi nikampitia Zaituni, ambaye sasa ni mwalimu hapa Kariakoo, nikamwambia walituonea kuifunga mapema vile.

"Haikuwa mapema, mzee wangu," alisema, akinimiminia chai. "Mwezi ule ndio niliomaliza kidato cha nne. Ilinisubiri."