Kitanda cha Mama Kwenye Meli ya Ziwa Nyasa

Mama yangu alizaliwa Lupingu, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Nyasa. Aliolewa huku kwetu Igowole, kwenye chai na baridi, na tangu wazazi wake walipofariki hakurudi tena. Mwaka huu tulipomaliza kuvuna mahindi, alisema anataka kuiona Lupingu kutoka majini, kama alivyoiona siku anaondoka akiwa bibi harusi.

"Kushuka sishuki," alisema. "Niliokuwa nao wameshakufa. Nataka kuiona tu."

Mimi sikai nyumbani miezi miwili bila kutafuta sababu ya kupanda gari, kwa hiyo sikusubiri kuambiwa mara ya pili. Sharti la mama lilikuwa moja: kitanda. Meli inakwenda usiku kucha mpaka Mbamba Bay ndipo igeuze, na mgongo wake hauwezi benchi. Dada yangu Tulinave akanishika shati. "Festo, kata tiketi ya chumba sasa hivi. Lipa kwa simu, umalize."

Nikamwambia atulie, mimi ni mtu wa gulio. Igowole kila mtu anajua kwamba nyanya hazinunuliwi asubuhi. Unazungukazunguka mpaka jua linainama, muuzaji anaanza kuufikiria mzigo wa kurudi nao, halafu anakuita mwenyewe. Tena mpwa wangu alinionyesha kwenye simu kwamba hata Wazungu wanaopanda meli za starehe, wapo wanaokata mapema na wapo wanaongoja siku za mwisho bei ishuke. Nikakata tiketi mbili za benchi. Kitanda, nilimwambia mama, tutakipata kulekule kwa bei ya jioni.

Siku ya safari, asubuhi, tulipanda basi Mafinga. Harufu ya misonobari iliyopasuliwa ilinirudisha ujana wangu, nilipokuwa utingo wa lori la mbao nikilala juu ya mzigo na kuamka kila siku mji mwingine. Mama alikuwa amevaa sweta mbili na kitenge juu yake. Tulipopita njia panda ya Ubaruku, mashamba ya mpunga yakimetameta kwa mbali, alivua sweta moja. Mbeya akaivaa tena. Tukuyu mvua ilitupokea na migomba yake, akajifunika mpaka masikio. Tulipoteremka Kyela alivua zote mbili, akajipepea kwa mkono, akasema, "Sasa hili ndilo joto la kwetu."

Kyela tulilala kwa Ambakisye, niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa analima kakao. Mkewe alitupikia wali na mbasa, samaki wa ziwa hilo, na Ambakisye akaniuliza kama mchele wa Ubaruku tunaoula huku kwetu unaweza kunukia hivyo. Nilikubali kushindwa, maana sahani ilikuwa bado imejaa. Lakini alipojua kwamba sina tiketi ya chumba, aliacha kutafuna.

"Festo, nyanya ikilala inaoza. Kitanda kikilala kitupu, kesho bado ni kitanda. Nani akupunguzie?"

"Utaona kesho," nilisema.

"Atakayeona si wewe," mama akadakia. "Wa kuona ni huu mgongo."

Asubuhi, bandarini, karani wa tiketi hakunyanyua hata kichwa. "Vyumba viliisha wiki iliyopita, kaka." Nikamwambia nina haraka ya kulipa. Akaniambia haraka hiyo ningekuja nayo wiki iliyopita.

Mama alikaa juu ya furushi lake akilitazama ziwa. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonikata maini. "Basi, baba," alisema taratibu. "Kwenye benchi sipandi, nitafika nimebebwa. Nunua dagaa turudi. Maji nimeyaona."

Nilizunguka kila kona ya banda la abiria nikiuliza nani anaahirisha safari. Nyuma ya magunia ya mchele nilimkuta mwanamke kijana amesimama, kanga imemfunika kichwa, uso kaugeuzia ukutani. Nilidhani anaumwa. Upande wa pili wa magunia alisimama mzee wa Kinyakyusa mwenye koti na kofia, naye akitazama kwingine kabisa. Nikamwamkia, nikamuuliza kama dada yule anahitaji msaada.

"Yule ni mkamwana wangu," alisema. "Haumwi. Ananikwepa, kama inavyotakiwa."

Akanieleza. Mwanawe anafanya kazi Mbamba Bay. Alikata vitanda viwili mapema sana, chumba kimoja, cha mama yake na cha mkewe. Juzi mama huyo akavimba miguu, na kwa kuwa tiketi ilishalipwa, ikaonekana isipotee, mzee asafiri badala yake. Wote walifurahi. Hakuna aliyekumbuka mpaka pale bandarini kwamba baba mkwe na mkamwana wangelala chumba kimoja, wakati kwao hata njiani mkamwana humpisha baba mkwe kwa kuingia majanini.

"Sasa utafanyaje, mzee?"

"Mimi ni mwanamume. Nitakaa kwenye benchi na wenzangu. Mtoto wa watu akalale."

Kikabaki kitanda kimoja kitupu, meli inakaribia kuondoka: saa yenyewe ya gulio! Mdomo ukanitoka kabla ya akili. "Mzee, mama yangu ana tiketi ya benchi tu; kwa kuwa kitanda chako sasa hivi hakina mtu, utanipunguzia?"

Mama, aliyekuwa amenifuata akijikongoja, alinifinya mkono mpaka nikaruka. Mzee alicheka hadi kofia ikamlalia jichoni.

"Mwanangu alilipa bei nzima mapema ili nije nikuuzie wewe kwa bei ya nyanya? Nipe benchi la mama yako na tofauti ya bei ya kitanda, na chai ya njiani ni juu yako."

"Ndaga fijo," mama alimshukuru kwa Kinyakyusa. Karani akabadilisha majina, na yule dada akageuka kwa mara ya kwanza, akachukua furushi la mama, wakatangulia wawili hao kama mtu na mamaye.

Alasiri ya siku hiyohiyo tulifika Lupingu. Mama alikuwa amelala vizuri, akasimama ukingoni mwa meli mwenyewe, ameshika chuma. Milima ilishuka hadi majini, nyumba zikiwa chini yake kama zimemwagwa. Mitumbwi ilikuja ubavuni, mmoja umejaa vyungu. Mwanamke mmoja akainua chungu na kutaja bei.

"Mama, ngoja honi ilie," nilimnong'oneza. "Atapunguza."

Mama alishalipa. Alipoongea Kikisi, muuzaji aliduwaa, akauliza ni wa kwa nani. Mama akataja jina la baba yake. Yule mwanamke akapiga kelele kwamba huyo ni ndugu wa babu yake, na nyumba ipo, na watu wamo! Honi ikalia. Waliendelea kuitana mpaka mtumbwi ukawa mdogo.

Mbamba Bay, kabla sijanywa chai, mama alinituma nikakate kitanda cha kurudia. Tulipita Lupingu gizani, naye amelala fofofo.

Sasa niko Igowole na maharage yanachemka kwenye chungu kile. Nimejifunza kwamba meli haina jioni ya gulio, na kwamba nilipata kitanda kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekata mapema. Juzi mama aliniita jikoni akaniuliza kama nimeshakata tiketi ya mwakani. Nikamwambia ratiba bado haijatoka, ila safari hii kitanda nitakiwahi.

"Kitanda cha nini?" alisema akikoroga maharage. "Kata benchi. Mimi nashuka Lupingu."